Swali la Mama Hirwa

"Yaya Saidati, mu Kingereza banaulizaka namna gani mutoto mwenye alipotea?"

Mukandutiye, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, aliniuliza hivyo mchana mmoja wa mwaka wa tisini na nane, tumekaa uani tunamenya viazi, kila mmoja na kisu chake. Hakuinua uso. Aliuliza kama mtu anayeomba chumvi. Nikatazama mikono yake. Ilikuwa inaendelea kumenya, lakini ganda lilikuwa linatoka nene, kiazi kinaisha mkononi.

"Sijue bado," nikamwambia. "Tumefika kwa kalamu na meza."

"Kalamu inapoteaka?"

"Hapana. Iko juu ya meza tu, kila siku."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani, akachukua kiazi kingine. Nikajua hakuwa anacheza.

Mimi nilikuwa nimeingia darasa la Kiingereza kwa sababu ya sufuria zangu. Nilikuwa napika katika nyumba ya wageni hapa Gisenyi, kule chini karibu na ziwa, na siku hizo wageni walikuwa ni wazungu wa mashirika ambao hata Kifaransa hawakukijua. Patroni alisema wazi: mpishi atakayeweza kuambiwa "bila pilipili" akaelewa ndiye atabaki. Shule nilisoma ya msingi tu. Nilikuwa mjane. Mume wangu, Hitimana, alikuwa dereva wa lori. Mwaka uliotangulia aliswali alfajiri akaondoka kwenda Ruhengeri, wakamrudisha amefunikwa turubai la lori lake mwenyewe. Mwenyezi Mungu ndiye mpaji na ndiye mchukuaji. Mimi nikakaa eda yangu, nikamaliza, nikarudi jikoni.

Mukandutiye nilimpa chumba cha nyuma ya nyumba yangu. Alikuwa mtu wa Kanzenze, Mkristo, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Mtaa mzima ulimwita Mama Hirwa, maana kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na hakuna aliyethubutu kuacha kumwita hivyo.

Hirwa alipotea mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, kambi za wakimbizi za ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, zilipovunjwa. Mume wake Mukandutiye alikuwa amekwisha kufa kambini kwa ugonjwa wa tumbo. Siku ya kuvunjwa, watu walitoka kama maji: wengine wakirudi Rwanda, wengine wakisukumwa upande wa magharibi, kwenye misitu. Mukandutiye alikuwa na mzigo kichwani, na mtoto wa miaka sita alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa nyuma. Risasi zikalia. Watu wakakatana njia. Alipokwenda mbele kidogo akasikia kitenge kimekuwa chepesi.

Alirudi nyuma, akasukumwa mbele. Akafika hapa Gisenyi na wenzake akidhani labda mtoto ametangulia na majirani. Alikaa pale kwenye kizuizi cha mpakani akitazama kila mtoto anayepita mpaka watu wakaacha kupita.

Kulikuwa na shirika moja lililotafuta watoto waliopotea. Mkubwa wake alikuwa mzungu mwanamke, sisi tukimwita Madamu tu, na mkalimani wake alikuwa Onésphore. Huyu Onésphore ni mdogo wake marehemu mume wa Mukandutiye. Kambini alikuwa karani wa kugawa chakula, akaokota Kiingereza kwa wazungu neno kwa neno mpaka akawa nacho. Donc, basi, kila habari ya Hirwa ilipita kwanza kinywani mwa Onésphore, ndipo imfikie mama yake.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Marehemu aliacha shamba la viazi kule Kanzenze, shamba la udongo mweusi, zuri. Hirwa akiwa hai, shamba ni la Hirwa, na mama yake atalilima mpaka mtoto akue. Hirwa akiwa hayupo, mjane asiye na mtoto atarudi kwao, na shamba litarudi kwa ndugu. Ndugu ndiye Onésphore. Hakuna mtu mtaani asiyejua hesabu hiyo.

Mwaka mzima Onésphore alileta neno moja: subiri. Madamu anasema subiri. Kisha, masika yalipokuwa yamekolea, akaja na mkate na sukari, akakaa kizingitini, akakataa chai. Mimi nilikuwapo, nachambua maharage.

"Mama Hirwa," akasema, "inaonekana mutoto anagonjwa kidogo."

"Anagonjwa nini?"

"Homa. Bon, banasema ni homa. Mungu atasaidia."

Akaondoka mapema. Mukandutiye akabaki ameshika mkate kifuani. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa anapiga mahesabu.

"Yaya," akaniambia, "sikia vizuri. Kama mutoto anagonjwa, kuna mutu anamuona. Kama kuna mutu anamuona, iko mahali. Kama iko mahali, Onésphore anajua ni wapi. Amefichwa, yaya. Banamuficha mutoto wangu mpaka nichoke, niende kwetu, yeye akule shamba."

Nikayapima maneno yale sikuona tundu. Nikamwambia Mungu hasinzii. Akasema ndiyo, Mungu hasinzii, lakini Mungu hafanyi kazi kwa ile biro, ofisi ya Madamu.

Baada ya hapo ndipo alipokuja na swali lake la Kiingereza. Alitaka kumuuliza Madamu mwenyewe, uso kwa uso, bila mdomo wa shemeji katikati.

*

Darasa letu lilikuwa katika chumba kilichowahi kuwa duka la dawa, bado kinanuka dawa siku za joto. Tulianza baada ya swala ya alasiri, tukamaliza kabla askari hawajafunga njia, maana siku hizo usiku ulikuwa na wenyewe. Mwalimu aliitwa Robinah. Wazazi wake walikimbilia Uganda zamani, akazaliwa huko, akasoma huko, akarudi na mume wake mwanajeshi. Alikuwa mrefu, mcheshi, Kiswahili chake cha kambi ya askari kinachechemea, lakini Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba.

Siku ya kwanza ya Mukandutiye alikuwa anafundisha kuhesabu watoto. Aliuliza kila mtu kwa zamu, kwa Kiingereza, una watoto wangapi, na mtu ajibu sentensi nzima.

Valentin, mfanyabiashara wa sabuni ambaye alivuka mpaka kila siku akiwa na vifurushi mgongoni, akasimama. "Ai hav seven children," akasema kwa fahari. "And two wife."

"Two wives," Robinah akamsahihisha. "Wakiwa wawili tunaongeza mwishoni."

"Mwalimu, nakuomba, usiongeze. Hawa wawili bananitosha."

Darasa likacheka. Bella, msichana msusi, akamwambia Valentin aseme kama wale wake zake nao anawatosha. Robinah mwenyewe alikuwa anapangusa macho aliponyosha chaki kumwelekea Mukandutiye.

Mukandutiye akasimama, mikono ameifunga mbele kama kanisani. Nilikuwa nimemfundisha njiani. "Ai hav wan child," akasema.

Kicheko kikaisha. Wote walimjua ila mwalimu.

"Very good," Robinah akasema. "One child. Where is he? Yuko wapi?"

Mukandutiye akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Sijue," akasema.

"Hapana, mama, hatusemi sijui. Ni mazoezi tu. Sema: he is at school."

Mukandutiye akayasema maneno hayo moja moja, kama mtu anayekanyaga mawe mtoni. Yuko shuleni. Robinah akasema tena. Akayasema tena, na mara ya pili yalitoka vizuri kabisa. Akakaa. Valentin akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwapo.

Watu walipotoka nikabaki nyuma nikamweleza Robinah. Akashika kichwa. Akamfuata Mukandutiye mpaka barabarani, akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha kwa Kinyarwanda chake cha huko Ankole. Kisha akamwambia, "Mama, mimi nitaenda na wewe kwa huyo mzungu. Kesho. Nitakutafsiria kila kitu."

"Asante, mwalimu. Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Mudomo wa mutu mwingine nimechoka nao," Mukandutiye akasema. "Unifundishe niulize mimi."

Tulipokuwa tunarudi akaniongezea jambo ambalo hakuthubutu kulisema mbele yake. "Bwana yake ni askari, yaya. Mimi nilitoka kambini. Nitamuleta mu mambo yangu namna gani?" Sikumlaumu. Wakati ule askari waliwashuku waliotoka kambini, na kila mtu alikuwa anachunga mahali anapoweka mguu.

Basi Robinah akamtengenezea maneno. Hayakuwa mengi. Tafadhali, Madamu. Mimi ni mama yake Hirwa. Mtoto wangu yuko wapi? Akamfundisha kusimama, kutazama mtu machoni, kutotafuna mwisho wa neno. Akataka kumfundisha na mengine: siku, miezi, majina ya miji, neno la kumwomba mtu aseme polepole. Mukandutiye hakuyataka.

"Mama, kuuliza ni rahisi," Robinah akamwambia. "Akikujibu, utasikia na masikio gani?"

"Yes na no ninazijua."

"Watu hawajibu yes na no peke yake."

"Kama mutoto iko, atasema iko. Nitaona na sura yake."

Robinah akanitazama nimsaidie. Nikasema, "Mama Hirwa, hata mimi wazungu wa kule kazini bananiuliza neno moja, nasikia; banaendelea, napotea." Akasema kazi yangu ni supu, yake ni mtoto.

Tangu hapo uani kwangu hakukuwa na utulivu. Aliyasema maneno yale akifua, akichochea moto, akifunga mkaa wa kuuza. Nikiwa kwenye mswala asubuhi nilimsikia nyuma ya ukuta: tafadhali, Madamu. Tafadhali, Madamu. Sauti yake ya Kiingereza ilikuwa nyingine, nyembamba, ya mtoto wa shule. Jirani Mukashyaka, ambaye ulimi wake haulali, akapiga kelele kupitia ua: "Mama Hirwa, ukishafika Ulaya utatutumia viatu?" Mukandutiye akamjibu, "Nitakutumia kufuli ya mudomo." Wakacheka wote wawili. Lakini mimi niliona jinsi alivyokonda.

*

Tulikwenda siku ambayo Onésphore alikuwa amevuka kwenda Goma na gari la shirika. Nilijitanda mtandio wangu mweusi. Mukandutiye aliazima viatu vya Bella, vikamzidi, akaweka pamba mbele.

Biro ilikuwa nyumba ya zamani yenye baraza, na ukutani kulikuwa na ramani kubwa ya nchi zetu. Mlinzi alimjua, akatuingiza. Madamu akatoka, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, akatusalimu kwa Kinyarwanda kilichopinda. Akatazama nyuma yetu.

"Onésphore?" akauliza.

"No Onésphore," Mukandutiye akasema.

Kisha akasimama kama alivyofundishwa, akayasema maneno yake yote mpaka mwisho. Hakukosea hata moja. Mimi niliyekuwa nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoonja chumvi nilishikwa na fahari.

Madamu akafunga mlango. Akatuvutia viti. Akakaa karibu yetu, siyo ng'ambo ya meza, akamshika Mukandutiye mkono, akaanza kusema. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, lakini kwetu ilikuwa ni mvua inayonyesha juu ya bati. Nilikuwa nimejiapia kushika nitakayoweza, ya maana na yasiyo na maana. Sorry nililijua, Robinah hulisema hata chaki ikianguka. Brother nililijua. March nililijua. Mengine nikayashika kwa sauti tu, nikayaweka chini ya ulimi.

Kisha Madamu akainuka akaenda kwenye ramani. Akaweka kidole upande wa magharibi, mbali na ziwa, mahali palipochorwa kijani kitupu. "Walikale," akasema. "Here."

Mukandutiye akaruka kitini. Akaenda akaweka kidole chake pale pale. "Here?"

"Yes," Madamu akasema. "Here."

Yes alilijua. Sikuwahi kumwona Mukandutiye na uso ule, wala sikuuona tena. Akamshika Madamu mikono yote, akasema thank you, thank you very much, akainama, akasema tena. Madamu akaweka kiganja mdomoni.

Mimi nilikuwa natazama macho ya yule mzungu. Yalikuwa na maji. Nimekaa kwenye vitanda vya wagonjwa, nimeosha maiti za wanawake wa mtaa wetu. Machozi ya furaha hutoka pamoja na meno. Yale hayakuwa na meno.

Njiani Mukandutiye alikuwa karibu anakimbia katika viatu vya watu. "Iko Walikale, yaya! Hirwa iko Walikale!" Alimwambia muuza nyanya. Alimwambia fundi baiskeli. Muuza nyanya akapiga makofi, akampa nyanya. Nilikuwa nayarudiarudia yale ya chini ya ulimi yasinitoke: wi told yo brada in machi. Hi woz berid hia. Yalikuwa kama kaa la moto unalolibeba kutoka kwa jirani, ukisimama kuzungumza linakufa.

*

Tulimkuta Robinah anafuta ubao. Mukandutiye akamweleza kabla hajavuka mlango, na Robinah akatupa kitambaa, akamkumbatia, akamzungusha. Wakacheka. Kisha Robinah akaniuliza mimi, kwa mzaha, "Na wewe mwanafunzi wangu wa supu, umeshika nini?"

Nikayatema kama nilivyoyabeba.

Robinah akasimama wima. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa juu ya benchi la kwanza, mikono katikati ya magoti.

"Anasema nini?" Mukandutiye akauliza. "Mwalimu. Anasema nini?"

Robinah alizaliwa Uganda, lakini wazazi wake ni wa kwetu na walimlea kwa desturi za kwetu. Kifo cha mtoto hakiropokwi na mpita njia. Kina mwenyewe wa kukisema, mtu wa upande wa baba, na kina namna yake: mama akalishwe, akae chini, watu wa kumshika wawepo. Nikaona Robinah anatafuta pa kukanyaga.

"Anasema," akasema mwishowe, "kwamba walimwambia shemeji yako. Mwezi wa tatu. Shemeji yako anajua yote."

"Nilisema!" Mukandutiye akapiga paja. "Nilisema anajua. Tangu mwezi wa tatu! Nyoka." Akageuka. "Naenda kufunga muzigo. Kesho navuka."

Akaondoka mbio. Robinah akanishika mkono wa nguo kabla sijamfuata. "Wamemzika huko," akaniambia. "Mtoto amekufa, mama, kabla ya mwezi wa tatu. Huyo mzungu anadhani yeye anajua zamani. Amemwonyesha kaburi."

Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

"Wewe umwambie?" akauliza.

"Si changu kukisema."

"Wala si changu," akasema, na sasa alikuwa analia. "Mtafute huyo mwanamume. Mama Hirwa asivuke. Huko kunanuka vita tena."

Nikaenda kwenye kizuizi cha mpakani nikasimama pale pale ambapo Mukandutiye aliwahi kusimama, nikasubiri gari la shirika. Liliporudi jua lilikuwa limeanza kulala juu ya ziwa. Onésphore aliponiona peke yangu alishuka bila kufunga mlango.

"Mama Hirwa alienda leo kwa Madamu," nikamwambia. "Mwenyewe. Na Kingereza chake."

Akaegemea gari. "Alisikia?"

"Alisikia Walikale. Anafunga muzigo."

Tukapanda kilima pamoja. Alikuwa kijana bado, lakini alitembea kama mtu aliyebeba gunia. Sikutaka kumhukumu kabla sijamsikia, nikamuuliza: "Juu ya nini haukusema?"

"We ungesema namna gani, mama?" akauliza. "Unajua ile shamba. Yeye anajua. Kanzenze yote inajua. Nikimuambia mutoto amekufa, ataamini mudomo wangu? Atasema namuua mutoto na mudomo nipate udongo. Nilimuomba Madamu atafute mutu mwingine amuambie. Akasema nani? Mkalimani ni wewe."

"Ukasema mutoto anagonjwa."

"Njo namna banafanyaka, si ndiyo? Unaanza na ugonjwa. Mutu anaelewa polepole, roho inatembea yenyewe mpaka inafika. Nilileta mkate. Nilileta sukari. Nikakaa chini." Akapangusa uso kwa kofia. "Yeye roho yake ikashika njia ingine. Nikarudi mara ingapi, nafika kwa kona yenu, namusikia anasoma Kingereza. Narudi."

Nilikuwa nimekaa pale pale nachambua maharage siku ile, nikasikia neno homa, na mimi pia niliifuata hesabu ya Mukandutiye.

*

Tulimkuta chumbani kwangu, mzigo umefungwa na kuwekwa mlangoni: sufuria moja, blanketi, sweta la mtoto la kijani alilolinunua kubwa akihesabu miaka. Mukashyaka alikuwa amekaa naye, amenyamaza. Nadhani muuza nyanya alikuwa amemwambia ya Walikale, na yeye alikuwa amekisia kwamba mtoto hayupo tena.

"Ingia, mwizi," Mukandutiye akamwambia Onésphore. "Ingia uone. Shamba utakula. Mutoto utanirudishia. Mzungu amenionyesha na kidole."

Onésphore akavua kofia.

"Hata sukari hajui kuficha, huyu," Mukandutiye akatuambia sisi wengine, anacheka kwa hasira. "Alipokuwa mudogo akiiba sukari kwa mama yao, mdomo mweupe. Mume wangu ndiye alikuwa ananiambia. Leo unaficha mutu?"

Onésphore akavuta kigoda kidogo kabisa, kile cha kumenyea viazi, akakaa mbele yake, chini kuliko yeye. Kichwa kikawa karibu na magoti yake. Akamuuliza kwa Kinyarwanda, taratibu, kama amekula.

"Nakuuliza mutoto, we unaniuliza chakula?"

Kwetu swali hilo likiulizwa na shemeji aliyevua kofia, saa ya magharibi, aliyekaa chini, halina haja ya kufundishwa na mwalimu yeyote. Nililiona likimfikia. Lilianza machoni, likashuka mikononi. Akamtazama Mukashyaka. Akanitazama mimi, muda mrefu, na mimi sikukwepa. Adhana ikaanza msikitini, na mara hiyo moja sikuinuka.

Kulikuwa na viazi na maharage motoni. Nikapakua, nikamwekea mbele. Nilidhani ataisukuma sahani. Akanawa mikono katika maji niliyommiminia, akala. Alikula yote, tonge moja moja, anatazama sahani, anatafuna mpaka mwisho, kama mtu anayetimiza amri. Mukashyaka alikuwa ameanza kujifuta macho kwa pindo la nguo. Mukandutiye akanywa maji. Akaweka kikombe chini.

"Sema," akamwambia Onésphore.

Akasema. Alisema yote bila kuzunguka: kwamba Hirwa alifika mbali sana na kundi lile, kwamba ilikuwa homa kweli, kwamba alizikwa pale barabarani na watu wa shirika, na mahali pamewekewa alama.

"Nani alikuwa anamubeba?"

"Mama moja wa Nyakiriba. Alimubeba mpaka mwisho. Yeye njo alisema jina lake na jina la baba yake."

"Huyo mama iko wapi?"

"Naye hakurudi."

Mukandutiye akatikisa kichwa, polepole, kama anayekubali. Nje kuku walikuwa wanapanda kulala.

"Alikuwa ananiita?"

Onésphore akafungua mdomo. Ingekuwa rahisi kumpa neno. Nilimwona analitafuta, nilimwona analiacha.

"Sijue," akasema. "Hakuna mwenye aliniambia."

Mukandutiye akainuka. Mukashyaka akanyoosha mikono amshike, naye akaitoa mikono ile mwilini mwake bila ukali, kama mtu anayejitoa kwenye miiba. Akaufikia mzigo wake mlangoni, akauruka, akatoka, akakata ua, akaelekea barabarani, njia ya mpakani, mikono mitupu.